Kumpima mtu aliyebadilika usemi: mwongozo kwa wauguzi na matabibu wa Lamu

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi Lamu niliandika katika faili la bibi mmoja wa Mkomani kwamba hawezi kutamka ch wala j. Nilikuwa nimemwonyesha picha ya macho akasema mato, picha ya maji akasema mai, na picha ya njia akasema ndia. Nami niliyekulia bara na kujifunza Kiswahili cha darasani nikahesabu makosa matatu katika maneno matatu. Mjukuu wake, aliyekuwa amemshika mkono, alicheka kwa adabu akaniambia, "Daktari, sisi sote ndivyo tusemavyo." Kilichomleta bibi yule ni sauti iliyokuwa ikififia kila jioni, na hiyo sikuwa hata nimeanza kuipima.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu kanuni ya kwanza ya kazi hii imo ndani yake: usemi wa mtu hupimwa kwa usemi wake mwenyewe wa kabla ya maradhi. Kiamu, lahaja ya Lamu, si kasoro, zitu badala ya vitu si kasoro, na mtu aliyekuwa na kithembe tangu utotoni hakukipata kwa kiharusi. Basi kabla ya kumulika tochi mdomoni mwa mgonjwa, waulize jamaa zake: "Zamani alikuwa akisema hivi?" Wakisema ndiyo, jambo hilo liandike pembeni ulisahau, wakisema la, waombe wakuigie alivyokuwa akisema. Wengi wana sauti yake ya zamani kwenye simu, katika ujumbe wa sauti aliomtumia mtoto aliyeko Mombasa, na ujumbe huo una thamani kuliko jedwali lolote la vipimo.

Mwongozo huu unahusu matatizo ya usemi yanayotokana na ubongo, neva na misuli, au na maumbile ya kinywa na koo. Nimewaandikia watu wanaofanya kazi mahali ambapo mtaalamu wa tiba ya usemi yuko mbali, na vifaa vilivyopo ni tochi, kijiko, kioo kidogo, saa yenye mshale wa sekunde na simu ya kurekodia. Vifaa hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, maana mpimaji mkuu ni sikio.

Kwanza, ni dharura au si dharura?

Usemi uliobadilika ghafla uchukuliwe kuwa ni kiharusi hadi ithibitike kuwa sicho. Mwambie mgonjwa atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso unabaki nyuma. Ainue mikono yote miwili mbele yake akiwa amefumba macho, uone kama mmoja unashuka. Kisha arudie sentensi moja fupi. Lolote kati ya hayo likiwa na kasoro mpya, liache kando kila lililoandikwa hapa chini na umpeleke hospitali, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja ndani. Kwa mtu wa Kizingitini, ambaye lazima avuke maji kwanza, na boti nayo pengine inangoja maji yajae, saa hizo ni chache mno. Wakati chombo kinatafutwa, mpime sukari: sukari iliyoshuka huufanya ulimi kuwa mzito na kuiga kiharusi vizuri sana, na tiba yake unayo mkononi.

Wakati wa kuanza kwa dalili ni ule wa mwisho ambao mtu alionekana akiwa mzima, hata kama hali yake iligunduliwa baadaye. Si kila nyumba hutazama saa, lakini nyakati za sala zinajulikana na wote. Uliza kama alisali alfajiri msikitini kama kawaida yake, kama aliitikia salamu baada ya adhuhuri, kama alikula mchana bila kupaliwa. Ukipata jibu, liandike kwenye barua ya rufaa kwa mfumo wa saa 24, maana "saa mbili asubuhi" ya huku ni 08:00. Nimewahi kuona barua iliyoandikwa 02:00 kwa mgonjwa aliyepatwa saa mbili asubuhi, na waliompokea wakahesabu kwamba muda wa dawa umekwisha.

Lugha, mpango na misuli

Mtu akishindwa kusema, kizuizi kinaweza kuwa katika ngazi tatu, na kosa ninalolikuta mara nyingi katika mafaili ni kuzifunika zote kwa maneno mawili, "ulimi mzito". Ngazi ya kwanza ni lugha yenyewe: mgonjwa halipati neno, anasema kikombe akikusudia kijiko, au haelewi anachoambiwa. Hiyo huitwa afasia, na kwa kawaida kusoma na kuandika huharibika pamoja na kusema. Ngazi ya pili ni mpango wa mwendo: neno analo, misuli ina nguvu, lakini ubongo unashindwa kupanga midomo na ulimi vifuatane inavyotakiwa, na hiyo ni apraksia ya usemi. Ngazi ya tatu ni misuli yenyewe pamoja na neva zinazoiendesha: imelegea, imekaza, imepungua mwendo au inacheza bila kuagizwa, na hiyo ni disathria. Mtu mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja, hasa baada ya kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo.

Ili kuitafuta afasia, mpe maagizo yanayozidi kurefuka, ukianza na "fumba macho" na kufikia "tia kijiko ndani ya kikombe, kisha unipe karatasi". Usiangalie kikombe wala usinyooshe kidole, kwa sababu mgonjwa asiyeelewa neno hata moja hufuata macho yako na kufanya sawasawa, nawe ukaandika kwamba ufahamu wake ni mzuri. Kisha mwombe aandike sentensi moja kuhusu alichokula. Mpe hiari ya hati: wako wazee hapa ambao hawakuingia skuli lakini huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa ufasaha, na ukiwapa kalamu ukasubiri herufi za Kizungu utawahesabu kuwa hawajui kuandika, au vibaya zaidi, kuwa wamesahau. Akiandika vizuri huku mdomo umemshinda, lugha yake ni nzima, nawe uendelee na ngazi nyingine mbili.

Mahali pa kupimia

Daka la nyumba, yaani ukumbi wa mlangoni, ni mahali pazuri pa mazungumzo, ila si pa kupimia sauti, kwani kila punda apitaye uchochoroni atakula sentensi mbili, na kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, nacho kina mwangwi unaoifanya sauti dhaifu isikike imara. Ingieni chumba cha ndani kabisa, ambako kuta nene za mawe huzuia kelele, na mkalishe mgonjwa wima, miguu ikigusa chini. Simu iweke juu ya mto au meza, umbali wa shibiri moja na nusu kutoka mdomoni, yaani kama sentimita 30, na umbali huo uuandike, kwa kuwa utarudi siku nyingine kulinganisha.

Mwanamke anayevaa nikabu atalazimika kufunua uso, kwa kuwa nusu ya upimaji huu ni kutazama midomo. Jambo hilo lipangwe kabla, na mwanamke mwenzake awe ndiye mpimaji. Kama hayupo, binti au dada yake asimame karibu na kukueleza anachokiona kwa maswali utakayompa. Nimeona wapimaji wakiruka sehemu hii kwa kuona haya na kuandika "uso: kawaida". Afadhali kuandika kwamba hukuutazama.

Kutazama kinywa

Anza na uso ukiwa umetulia, kisha mwambie akunje kipaji cha uso, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno na abane midomo. Uso ulioanguka upande mmoja huku kipaji kikikunjika pande zote mbili huelekeza kwenye ubongo. Kipaji kikikataa na jicho lisifumbike, shaka iangukie neva ya uso yenyewe. Taya lifunguke wima. Kipimo cha upana wa kinywa ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vikiwa wima kati ya meno ya mbele, na asipoviingiza, uliza juu ya tambuu: popoo inayotafunwa kwa miaka mingi huifanya ngozi ya ndani ya mashavu kuwa ngumu na nyeupe kama kamba, hata kinywa kisifunguke, na mtu akasema kama aliyeuma meno. Tatizo la namna hiyo halina uhusiano na neva, na ni la kupelekwa kwa daktari wa meno bila kuchelewa kwa sababu linaweza kugeuka saratani.

Ulimi utazame kwanza ukiwa umelala ndani ya kinywa. Mulika tochi na usubiri nusu dakika. Ulimi uliopoteza neva hukonda, hufanya mikunjo, na juu yake huonekana mitikisiko midogo kama funza wanaotembea chini ya ngozi. Dalili hiyo haina maana ulimi ukiwa nje, kwani ulimi wa kila mtu hutikisika ukitolewa. Baada ya hapo autoe nje: ulimi huelekea upande uliodhoofika. Mwambie ausukume shavuni huku kidole chako kikizuia kwa nje, kushoto na kulia.

Kaakaa laini hutazamwa mgonjwa akisema "aa" fupi fupi. Linapaswa kupanda sawasawa, na likidhoofika upande mmoja, kimio huvutwa kuelekea upande mzima, kinyume cha ulimi. Hapa pana mtego wa kwetu: wapo watu wazima waliokatwa kimio utotoni kwa tiba ya kikohozi, na mpimaji asiyejua hubaki akikitafuta. Kikiwa hakipo, tazama matao mawili ya kaakaa, kama yanapanda kwa pamoja. Mtoto mwenye sauti ya puani mulike juu ya kaakaa, na upitishe kidole chenye glavu hadi nyuma, kwa sababu ufa wa kaakaa unaweza kujificha chini ya ngozi nzima na kuonekana tu kama mstari wa rangi ya samawati, au kimio kilichogawanyika.

Pumzi na sauti

Mwombe avute pumzi na kutoa "aa" kwa sauti yake ya kawaida kwa muda wote anaoweza, mara tatu, uchukue iliyo ndefu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufikisha sekunde 15 au kuzidi, wazee wakipungukiwa kidogo. Chini ya 10 kuna jambo la kutafutwa. Kisha mwambie atoe "sss" ndefu, halafu "zzz" ndefu. Zote mbili zikiwa fupi, pumzi ndiyo iliyopungua. Ikiwa "sss" ni ndefu na "zzz" ni fupi, hata uwiano ukapita 1.4, pumzi ipo lakini nyuzi za sauti haziibani vizuri. Malizia kwa kumwambia akohoe kwa makusudi: kikohozi kisicho na mpasuko mwanzoni, kinachotoka kama upepo, ni dalili ya nyuzi zisizofunga. Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo na akaamka na sauti ya upepo apelekwe kwa daktari wa koo, na vivyo hivyo yeyote aliyekwaruzwa sauti kwa zaidi ya wiki 3, awe mvutaji au asiwe.

Mwadhini mmoja aliletwa kwangu na wanawe kwa sababu majirani walikuwa hawamsikii. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kipaza sauti cha msikiti kimeharibika. Alikuwa akikata kalima katikati ili avute pumzi, jambo ambalo wanawe walisema hakuwahi kulifanya. Uso wake ulikuwa umetulia mno, mkono mmoja haukupunga alipokuwa akiingia, na sauti ilianza vizuri ikafifia kuelekea mwisho wa kila kauli. Nilimwambia, "Maalim, chukulia umeme umekatika na kipaza sauti hakuna, hebu adhini wasikie watu wa Langoni." Sauti ikapanda mara mbili. Huo ndio mfano ulio wazi kuliko yote niliyoiona wa disathria ya Parkinson, maradhi ya ubongo yanayopunguza mwendo wa mwili: mgonjwa hasikii kwamba sauti yake imeshuka, huwalaumu wasikilizaji au vyombo, na akitakiwa kwa mkazo kupaza, huweza. Kwa hiyo usimpime mtu kwa sauti yake ya mazungumzo peke yake. Mwombe apaze, na uandike kama aliweza, kwa sababu anayeweza ana matumaini mazuri ya kufaidika na mazoezi.

Bibi wa Mkomani niliyemtaja mwanzoni alihitaji kipimo kingine rahisi zaidi, ambacho nilikifanya siku alipoletwa mara ya pili. Nilimwambia ahesabu kutoka 1 hadi 100 bila kupumzika. Hadi 30 alikuwa sawa. Kufikia 60 sauti ilikuwa ikitokea puani na kope zimeanza kushuka. Tulipumzika dakika chache, akaanza tena akiwa mzima. Misuli inayochoka kwa kutumika na kurudi kwa kupumzika huleta shaka ya myasthenia gravis, ugonjwa wenye dawa, na mgonjwa wake akianza kupata shida ya kumeza au kupumua anaweza kufa.

Pua na matamshi

Kiswahili kina herufi nyingi za puani, na hilo linatusaidia kutengeneza sentensi mbili zinazopingana. "Baba apika supu saa sita" haina hata herufi moja ya puani. Mgonjwa aiseme mara mbili, mara ya pili ukiwa umembana pua. Kaakaa likifunga sawasawa, hutasikia tofauti. Sauti ikibadilika, au kioo kilichowekwa chini ya tundu za pua kikifanya ukungu, pumzi inavuja. Kisha aseme "Mama anamnong'oneza nyanya": hapa kubanwa pua lazima kuibadilishe sauti, na kusipoibadilisha, basi pua imeziba, jambo la mafua au vinyama, na kaakaa lisisingiziwe.

Matamshi yapime kwa kasi kwanza. Arudie pa-pa-pa kwa sekunde 5, kisha ta-ta-ta, kisha ka-ka-ka, ukihesabu kutoka kwenye rekodi na kugawanya kwa 5. Watu wazima wenye afya hupata kati ya silabi 5 na 7 kwa sekunde, "ka" ikiwa nyuma kidogo. "Pa" ni midomo, "ta" ni ncha ya ulimi, "ka" ni shina lake, na moja ikizorota peke yake umeshajua pa kurudi kutazama. Kasi si yote: sikiliza kama mapigo yanalingana, kwani mwendo wa polepole ulio sawa una maana yake, na mwendo unaoyumba, mara mbio mara kusita, una maana nyingine kabisa. Halafu aunganishe "pataka" mara nyingi, na ukisha ulilinganishe na "pakata", ambalo ni neno analolijua. Tofauti kubwa kati ya hayo mawili itakufaa ukifika kwenye apraksia.

Watu wa Lamu hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayofuata p, na kaa la moto na kaa wa baharini vivyo hivyo. Tofauti hiyo hutegemea midomo au ulimi kupatana na nyuzi za sauti kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kupotea, nasi wa bara hatuisikii. Mwite jirani asikilize bila kuona picha na aonyeshe kidole anachodhani kimetajwa.

Mkazo na kiimbo tunavyo vipimo vyetu pia. "Barabara hii imejengwa barabara" ina neno moja la njia, linalokazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na moja la sawasawa, linalokazwa kabla ya hapo. Mgonjwa mwenye maradhi ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, huzikaza silabi zote sawa, na maneno hayo mawili yakawa mamoja. Kadhalika "Amekwenda" na "Amekwenda?" hutofautiana kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, na mwenye Parkinson husema yote mawili kwa ubapa ule ule.

Maneno ya mazoea na maneno ya kuagizwa

Apraksia haionekani kinywani. Ulimi una nguvu, kaakaa linapanda, pumzi ni nzuri, lakini mtu akitaka kusema utaona midomo ikitafuta umbo, ikianza na kurudi, kama mtu apapasaye ufunguo gizani. Makosa hubadilika: mara "tandari", mara "bambari", mara akaipata "bandari" safi kisha asiweze kuirudia. Mwenye disathria hukosea kwa namna ile ile kila mara, na hapo ndipo njia zao zinapoachana.

Kiswahili kinatupa ngazi ya kupanda bila kutafuta orodha ya maneno. Mwambie arudie: soma, somesha, someshana, wanasomeshana. Maana inabaki katika ukoo mmoja huku urefu ukiongezeka, na mwenye apraksia atateleza kadiri neno linavyorefuka. Fanya hivyo kwa pika na kwa funga, kila neno mara tatu.

Kisha mpe maneno ya mazoea. Nahodha mmoja alishindwa kabisa kunitamkia "bismillahi" nilipomwagiza alirudie, jasho lilimtoka. Dakika chache baadaye aliletewa kahawa, na kabla ya kuinua kikombe akalisema lote bila kukwaa. Kwa hiyo kabla ya kufunga kazi, mpe nafasi ya kusema vitu ambavyo mdomo umevizoea: kuitikia salamu, kuhesabu hadi 10, siku za wiki, Al-Fatiha kwa Mwislamu, sala au wimbo wa kanisani kwa Mkristo. Mwanamke akikataa kusoma Kurani, usimdodose sababu. Mpe siku za wiki. Tofauti kubwa kati ya maneno ya mazoea na ya kuagizwa huelekeza kwenye apraksia au afasia, nao wenye disathria hawapati nafuu yoyote hapo. Mwalimu wa madrasa aliyemsomesha mgonjwa, akiwepo, ni msikilizaji bora: makharij, yaani mahali inapotokea kila herufi kinywani na kooni, ndiyo kazi yake ya kila siku, na atakuambia ni herufi ipi imehama mahali pake.

Kuyaunganisha uliyosikia

Mwaka wa 1969, Darley, Aronson na Brown wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 212 waliosikilizwa kwa sifa 38 za usemi, wakaonyesha kwamba kila sehemu ya mfumo wa neva ikiumia huacha alama yake katika sauti. Mgawanyo wao bado ndio unaotumika. Usemi wa upepo, wa puani, wenye konsonanti dhaifu, pamoja na ulimi uliokonda, ni disathria ya ulegevu, inayotoka kwenye neva zenyewe au misuli. Usemi wa polepole, wenye sauti iliyobanwa kama ya mtu anayeinua gunia, pamoja na kicheko au kilio kinachomtoka bila sababu, ni disathria ya mkazo, na huja ubongo unapoumia pande zote mbili. Usemi unaoyumba kama wa mlevi ni wa serebela, na mgonjwa wake hutukanwa barabarani bila kosa. Mwandikie barua aitembeze. Sauti ndogo, bapa, yenye maneno yanayokimbilia mwisho, ni ya Parkinson. Mwendo unaoingiliwa na mishtuko au mikunjo isiyo ya hiari ni wa aina ya mwendo uliozidi. Mchanganyiko wa ulegevu na mkazo kwa mtu mmoja, unaozidi mwezi hadi mwezi, hasa na mitikisiko ya ulimi, ulete shaka ya ugonjwa wa neva za mwendo, na mgonjwa huyo afikishwe kwa daktari wa neva.

Usilazimishe jina. Ukiwa na shaka, andika ulichosikia.

Kumeza, na watoto

Misuli ya kusema ndiyo ya kumeza, kwa hiyo kila aliyebadilika usemi aulizwe kuhusu kupaliwa, mate na homa za kifua zinazojirudia. Aliye macho na anayeweza kukaa wima mpe maji kijiko kimoja cha chai, kisha kingine, ukisikiliza sauti yake baada ya kila kijiko. Sauti iliyolowa, kama ya mtu anayesukutua, au kikohozi, simamisha hapo. Nyumbani humlaza mgonjwa na kumnywesha uji akiwa chali kwa kumhurumia, na hilo lazima likatazwe waziwazi.

Kwa watoto nitasema machache, kwa kuwa wanahitaji mwongozo wao. Masikio hupimwa kwanza, kila mara. Uliza kuhusu uzazi uliochelewa, umanjano mkali wa siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo na malaria ya kupoteza fahamu. Watafiti wa Kilifi wamekwisha kuonyesha kwamba baadhi ya watoto hupona malaria kali na kubaki na udhaifu wa lugha na usemi ambao hugunduliwa wakiingia shule. Mtoto wa miaka 4 ambaye mgeni hamwelewi asiambiwe "ataacha mwenyewe".

Kuandika

Katika faili, nusu ya kwanza iwe ya uliyoyasikia na kuyapima, nusu ya pili iwe ya unayoyadhani. Kwa mfano: "Mwanamume, miaka 62, mvuvi, Kiamu lugha ya kwanza. Usemi umebadilika polepole kwa miezi 8, familia yathibitisha. 'Aa' sekunde 7. Sss 13, zzz 6. Pa 4 kwa sekunde, mapigo sawa. Sentensi isiyo ya puani yabadilika pua ikibanwa. Ulimi wapinda kulia, umekonda kulia. Anaandika vizuri kwa hati ya Kiarabu. Apaliwa na maji, si na uji." Anayesoma hayo Mombasa ameshajua pa kuanzia kabla hajamwona mgonjwa.

Ongeza kipimo kimoja cha kueleweka. Chagua maneno 50 ya kawaida, mgonjwa ayasome au ayataje kutoka kwenye picha, na mtu mwingine wa Lamu asiyemjua aisikilize rekodi na kuandika anachokisikia. Idadi ya aliyoyapata iandike pamoja na idadi aliyoipata mke au mtoto wa mgonjwa kwa rekodi ile ile. Pengo kati ya hizo mbili ndilo analokutana nalo mgonjwa akitoka nje ya mlango wake, dukani na gatini. Baada ya wiki 4 rudia maneno yale yale, chumba kile kile, simu umbali wa shibiri moja na nusu, na msikilizaji awe mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza ameshayazoea.